Udi Kabla ya Wakati Wake

Bi Mwanamize wa Bawshar, Maskati, akianza hadithi, chai hupoa, ikapashwa, ikapoa tena. Hapo ndipo lilipokuwa balaa la Pelagia, msichana wa Bukoba aliyekuwa akimtumikia. Ijumaa hiyo mtoto wa dada yake alikuwa anabatizwa kanisani Ruwi, na msimamizi wake ni yeye Pelagia. Ruhusa kapewa, ila kwa sharti: "Utakwenda wageni wangu wakishaondoka."

Na wageni wataondokaje, naye mwenye nyumba hadithi yake kwanza imefika Unguja ya Mwingereza?

"Babangu alisimama mbele ya Mzungu," anasema, "Mzungu mwenyewe kaputula inampwaya, miguu kama ya korongo. Akamwambia: Bwana, tawala forodha, tawala bendera. Lakini pumzi yangu hukunipa wewe, na nnapokwenda na nnaporudi hapakuhusu! Yule Mzungu akaona haya mpaka masharubu yakamdondoka. Kuku wakayala."

"Kuku!" Jirani yake, Bi Wadha, alipaliwa na chai.

"Kuku wa Malindi ya Unguja wale! Hawajataga tena."

Mjukuu wake Wijdan, anayesomesha chuoni, alicheka. "Ya masharubu siyajui, Bibi. Lakini watawaliwa wa nchi nyingi waliyasema hayo: mtu huzaliwa na haki zake, na dola, iwe kubwa vipi, ina mpaka."

"Mmesikia? Mpaka!" Bi Mwanamize akaegemea mto, aanze ya pili.

Pelagia alikuwa jikoni, anasikia yote. Akatia makaa kwenye chetezo, akatupia udi, akaingia nacho ukumbini. Maskati nzima inajua: udi ukishapita, hakuna kukaa. Mgeni hufukiza shela yake, akaaga. Bi Wadha akainuka, na wenziwe wakainuka.

"Nani kakwambia ulete udi?"

"Hakuna, Mama."

"Kaeni nyie! Hadithi haijesha!"

Hakuna aliyekaa. Wanaaga, wanatafuta viatu.

"Basi wewe osha vikombe kwanza."

Pelagia alikuwa kashainamia chetezo, moshi unampanda mtandioni. "Nimeshajifukiza, Mama."

Bi Wadha akageuka mlangoni, mbavu hana. "Haya, Mwanamize! Aliyefukizwa hazuiliwi. Wijdan, mtie garini, Ruwi mbali."

Gari likaondoka. Bi Mwanamize akavitazama vikombe kitambo, kisha akakunja mikono ya kanzu.