Banda la Kupikia Nyuma ya Wodi

Daktari Gunvor alimwona Kokwijuka kwa mara ya kwanza kupitia moshi, akamhesabu miongoni mwa kero za hospitali. Alikosea, kama alivyokosea katika mengi mwaka ule. Lakini kosa hili lilimchukua muda mrefu zaidi kulitambua.

Nyuma ya wodi ya wanaume, katika hospitali moja ya serikali mjini Bukoba, lilisimama banda la mabati makuukuu. Humo ndugu waliouguza wagonjwa walipika ebitoke, ndizi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, na maharage. Kokwijuka, mwanamke wa Izigo, ndiye aliyeutunza moto. Wenzake walikuja na kuondoka; yeye alikuwepo tu. Kila adhuhuri aliingia wodini na sahani, akaketi kando ya mzee Mushumbusi, ambaye ugali wa unga wa njano wa hospitali aliurudisha bila kuugusa, akisema ameshiba. Mbele ya Kokwijuka alikula.

Gunvor alikuwa ametoka Uswidi akiamini kwamba hospitali ya umma ni ahadi: anayeugua asimlemee mtu. Kwao hakuna mke aliyebeba chungu kwenda wodini. Hapa, baada ya miaka ya dawa pungufu na mashuka yaliyochakaa, aliuona moshi ule kama ushahidi kwamba ahadi hiyo haikuaminiwa na yeyote. Akaomba banda livunjwe. Tawi la TANU likaitisha mkutano.

Ulikuwa mkutano mkali. Muuguzi Felicitas, aliyeketi ubavuni mwa daktari, alimnong'onezea tafsiri kila wasemaji walipohamia Kihaya.

"Matibabu ni bure, chakula ni bure," alisema Datius Byabato, mwenyekiti wa tawi. "Anayeingiza chungu hospitalini anaitukana serikali yake."

"Ndugu Mwenyekiti," akajibu mkulima mmoja wa Nyanga, "si mlituambia tujitegemee? Ndizi zangu, kuni zangu, mgonjwa wangu. Nijitegemee vipi tena?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Ninyi shida yenu ni maringo. Ugali mnauona kama adhabu."

"Na wewe jana ulikula nini, waitu?" mkulima akauliza, akimpa heshima ya Kihaya yenye dhihaka.

Kicheko kikazidi, kisha zikaja hasira. Huyu akaitwa kabaila, yule akaitwa kibaraka, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtaja mgonjwa. Hatimaye Kokwijuka akasimama.

"Ugali haujatukosea," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi naomba banda libaki. Kuletewa chakula tu hakumfanyi mzee yule ale. Anakula kwa sababu kuna mtu aliyempikia, anamngoja amalize."

"Basi mngoje amalize ugali," alisema mwenyekiti. "Saa za kutazama wagonjwa zipo."

Kokwijuka akaketi. Gunvor angeweza kusema neno. Lakini alikuwa amechoka, na hoja ile aliiona ni ya mke anayemtetea mumewe: ya kweli, ila ya mtu mmoja. Mikono ikanyooshwa, na juma lile lile banda likavunjwa. Kokwijuka aliinua chungu chake, akawaaga wauguzi mmoja mmoja, akashika barabara ya kuelekea mtaa wa Bakoba.

Mushumbusi akarudia kushiba. Mifupa ya mashavu ikajitokeza. Dawa ikawa inamwagwa katika mwili usio na cha kuishikilia. Gunvor alijaribu kumlisha kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alimshukuru kwa adabu, akafumba mdomo.

Ndipo daktari alipomwita dereva Lameki. "Nenda Izigo, umrudishe mkewe. Mwambie atapikia hata barazani kwangu."

Lameki alirudi jioni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akiwa peke yake.

"Izigo hayupo, Mama Daktari. Mumewe walimzika huko kabla ya Krismasi."

"Mumewe yuko wodini, Lameki."

"Mumewe alikuwa Ildefons Rugaibula. Alifia hapa hapa, kitanda cha jirani na mzee. Huyu Mushumbusi hawamjui kabisa." Dereva alijifuta uso kwa kofia yake. "Hawakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo kibanja, shamba lao la migomba, kimerudi kwa ukoo. Shemeji zake walinishangaa nilipomwulizia. Walidhani bado anaishi kwetu, kule jikoni."