Hewa Safi ya Buibui

Mimi ni mtu mbishi, na ujanani nilikuwa mbishi mwenye cheti cha ualimu, jambo ambalo ni baya zaidi. Nilikuwa nafundisha Sayansi katika shule ya msingi pale Newala, na nyumbani nilifuga buibui. Sisemi wale wadogo wa kwenye kona za dari. Nasema yule mkubwa wa shimoni, mwenye manyoya, wa kujaa kiganja, ambaye nilimfukua mwenyewe nikipalilia mikorosho yangu kule Mnyambe. Nilimtia kwenye chupa kubwa ya peremende niliyoomba dukani, nikatoboa kifuniko kwa msumari, nikamweka juu ya kabati chumbani. Alikula mende na panzi, na alikula kwa adabu kuliko wageni wengi niliowahi kuwakaribisha.

Mke wangu alitokea Masasi. Alimkubali buibui kwa sharti moja tu, kifuniko kisifunguliwe yeye akiwa ndani. Tuliishi hivyo watatu kwa amani mpaka ulipofika msimu wa kupulizia mikorosho.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Salfa, ile poda ya manjano ya kuzuia ukungu kwenye maua ya mikorosho, hatukuisubiri tena igawiwe. Wafanyabiashara waliileta kwa malori yao na kila mtu alijinunulia kwa uwezo wake, na kitu ulichojinunulia hukiachi nje kilale na wezi. Kwa hiyo Newala nzima ililala na salfa. Wengine waliiweka nyuma ya mlango, na jirani yangu mmoja alitandika godoro juu ya mifuko yenyewe, akawa anakisifia kitanda chake kipya. Mimi niliisukuma mifuko minne uvunguni.

Mke wangu alikuwa na mimba changa. Harufu ya salfa ilimtapisha asubuhi, mchana na jioni.

"Mwalimu, itoe hii kitu," aliniambia.

Nikamjibu kwamba wanawake wote wa Newala wanalala nayo na hakuna aliyekufa. Wiki iliyofuata akaniomba tena. Nikamweleza, nimesimama wima kana kwamba niko mbele ya ubao, kwamba salfa imo hata kwenye yai. Wiki ya tatu hakuomba. Alituma ujumbe Masasi mama yake aje kumchukua, akaniambia wazi kwamba salfa ikibaki, yeye anaondoka. Nilidhani ananitishia nyau.

Siku hizohizo buibui akaacha kula. Nilimpa panzi mnene, panzi akampanda mgongoni akatulia hapo kama yuko kwao. Manyoya yakapauka, mwendo ukawa wa kujikokota. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Nikafikiri kitaalamu: buibui anapumulia tumboni, kwa mapafu yaliyopangwa mithili ya kurasa za daftari. Hewa ikichafuka kurasa zinaziba, zikiziba hawezi kula, asipokula hakui. Tatizo ni hewa ya chumbani! Nilijishangaa mwenyewe kwa akili.

Nilianza kazi mchana uleule. Mifuko yote minne niliibeba mgongoni hadi kibanda cha kuni, nikapiga kufuli. Nilipiga marufuku ile dawa ya mbu ya duara ya kuchoma, iliyokuwa ndiyo kwanza imejaa madukani. Nilipiga marufuku udi. Koroboi niliihamishia sebuleni. Nikapiga deki, nikafungua dirisha ambalo halikuwahi kufunguliwa tangu tuhamie.

Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Leo nimepumua."

Ningenyamaza tu! Lakini nilimjibu, "Ngoja tuone kama kesho atakula."

Akauliza nani. Nikamwonyesha chupa. Alikwenda kufungasha nguo zake.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta buibui amelala chali, miguu juu, kimya. Mimi, mwalimu wa darasa la sita, nilikaa kitandani nikalia kwa sauti. Na ndipo mama mkwe alipopiga hodi. Kwa desturi yetu mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, hata kama panaungua. Alisimama nje ya pazia, akanusa. Akanusa tena. Kisha akasikia kilio.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "hiyo salfa uliyoisema iko wapi? Humu hamnuki kitu. Na mwenzio analia kwa ajili yako. Mwanamume mzima! Mimi sichukui mtu hapa."

Nilitoka nikijifuta macho, kichwa chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nyamaza baba, haendi popote."

Nakiri kwamba nilizipokea sifa zile. Hata nikaongeza kwikwi moja ya uongo. Mke wangu alinitazama mpaka ikaisha.

"Mama, muulize anamlilia nani."

Mama mkwe akaniuliza. Mkwe hutakiwi kumkodolea macho, kwa hiyo niliiambia sakafu, "Buibui, mama."

"Buibui?"

"Ndiyo mama. Amekufa. Ni hewa."

Alijifunga kanga yake upya. Kisha akachukua furushi la binti yake, akajitwika. "Pole na msiba," aliniambia kwa heshima zote, na wakatoka kwenda stendi.

Nilichimba kaburi chini ya mpapai. Lilinichukua muda, maana nilitaka liwe zuri. Niliporudi chumbani nikakuta gamba tupu limepasuka, na pembeni yake amekaa buibui mpya, anang'aa, mkubwa kuliko wa jana. Alikuwa anajivua gamba tu! Salfa, udi, koroboi, vyote nilivisingizia. Na mwezi uleule nilikuwa nimefundisha jinsi panzi anavyojivua, nikamsimamisha kwa mguu mmoja mtoto aliyeshindwa kujibu.

Nilikimbia pekupeku hadi stendi. Landrova ya Masasi ilikuwa bado inasubiri abiria wajae. Nilishika dirisha nikihema.

"Mzima!" nikapiga kelele. "Alikuwa anajivua! Hata salfa haikumdhuru!"

Abiria wote walinigeukia. Mke wangu aliondoa kitambaa mdomoni.

"Mimi nimetapika wiki tatu, mwalimu," alisema taratibu. "Mpaka ungenikuta chali ndiyo ungeitoa?"

Nililiachia dirisha. Dereva akawasha gari, wakaondoka. Nilirudi nyumbani nikaingia chumbani. Dirisha lilikuwa wazi, hewa ilikuwa safi kabisa, na hapakuwa na mtu wa kuivuta ila mimi na buibui. Nikakaa kitandani nikalia tena, na mara hii nilimlilia mke wangu.