Kitabu cha Kuamia Ndege

Msimu ule niliacha kwa muda kazi ya kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni Mikumi, nikapanda basi la Kilosa kwenda Tindiga kumsaidia shangazi yangu kuamia ndege. Mpunga wake ulikuwa unatia maziwa, na kwelea kwelea hawana adabu. Mkobani nilikuwa na kanga mbili na kitabu kinene cha Kiingereza nilichopewa na mgeni aliyechoka kukibeba.

Shangazi alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufukuzwa na mumewe. Kosa lake, eti, kutozaa. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimpa kipande cha mwisho cha shamba, kando ya matete wanakolala ndege, akamwambia mbele yetu sote, "Mavuno haya tu. Ukishindwa kujilisha, nakurudisha kwa mumeo." Nilimkasirikia baba siku ile, na sijui kama hasira imeisha yote. Tangu arudi, shangazi alikuwa akiongea kama mtu anayeomba msamaha.

Kuamia ndege ni kelele. Unakaa juu ya dungu, kijukwaa cha miti katikati ya shamba, unapiga debe na kupayuka mpaka koo linakauka. Siku ya pili nilichoka na kelele zisizo na maana, nikafungua kitabu na kuanza kukisoma kwa kupayuka, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo. Kilikuwa kitabu cha nchi ya kale yenye giza na ngome za mawe, ambako mfalme aliwafukuza wakoma, yatima na wanawake waliosingiziwa uchawi, wakaenda kuishi msituni na madubwana. Theluji ilinishinda, nikaiita mvua ya unga, mambo yakaenda.

Ndege walikimbia. Majirani ndio hawakukimbia. Mzee wa shamba la pili, ambaye kila asubuhi aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama, sasa alikuwa akinisubiri njiani: "Marahaba, marahaba. Yule mkoma kapona?" Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliapa kwamba mfalme yule ni mkwe wake mtupu. Sijawahi kufurahi shambani kama siku zile.

Kisha tukafika pale dubwana linapobisha hodi kwenye lango la waliofukuzwa, na mwanamke mmoja ameshika komeo. Utamu kama ule hausomwi kwa kupayuka. Nikashusha sauti. Majirani wakaacha madebe yao, wakasogea chini ya dungu letu.

"Asifungue!" mzee akanong'ona.

"Afungue," akasema shangazi. "Nalo limefukuzwa kwao."

Basi tukabishana kwa kunong'ona, watu wazima na akili zetu, asikumbuke mtu mpunga. Wingu la kwelea kwelea likashuka juu ya kipande cha shangazi kwa mara moja, masuke yakainama.

Shangazi aliwaona kwanza. Aliruka kutoka dunguni, akanguruma. Sijui sauti ile alikuwa ameificha wapi. Alikimbia katikati ya majaruba ya mpunga akitupa mikono, kanga ya kichwani imedondoka, nasi nyuma yake tukinguruma, mzee naye, kofia mkononi, na yule mtoto mgongoni akicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Ndege wakainuka, wakaenda zao. Tulipoteza kona moja tu. Shangazi aliketi kwenye tope akicheka, kisha akanguruma tena, safari hii kwa raha zake.

Baba alikuja tukiwa tunapura. Majirani walikuwepo, wamekuja kusaidia bila kuitwa, kwa sababu niligoma kusoma sura za mwisho mahali pengine popote. Baba aliuchota mpunga kiganjani, akaumwaga, akauchota tena.

"Dada," akasema, "mwakani utahitaji mbegu gani?"

"Mbegu ninayo, kaka," shangazi akajibu, mikono ikiendelea na kazi. "Shika fimbo upure."

Baba akavua viatu.