Kasia la Vipande Vinne

Mdogo wangu wa mwisho aliniletea mtumbwi mgongoni. Alishuka kwenye bodaboda hapo Mabatini, mbele ya kibanda changu cha kushonea maturubai, amebeba begi kubwa kama la mtu anayehama mji. Akalitua juu ya turubai la lori nililokuwa nalipiga kiraka, akafungua zipu. Ndani mlikuwa na fito za alumini zilizofungwa pamoja, vipande vya mbao nyembamba, na kitambaa kizito chenye mpira upande wa chini.

"Shikamoo dada. Huu ni mtumbwi."

"Marahaba. Na mimi ni meli."

Akacheka, lakini hakuwa anatania. Yeye ana kazi kwenye mradi wa kupima maji ya ziwa. Amesoma mpaka chuo kikuu, na kila nikisema jambo hilo sauti yangu hupanda kidogo, watu wanisamehe. Mradi ulikuwa umepata mtumbwi huu wa kukunja ili mtu aweze kupanda nao basi, avuke nao kwa kivuko hadi visiwani, aunganishe fito ufukweni, aingie kwenye matete ambako panga za boti za injini hunasa. Bosi wake alitaka mtu mmoja wa kuzunguka visiwani. Yeye aliomba. Bosi alimtazama umbo, maana mdogo wangu ni mwembamba kama uzi wa cherehani, akamwambia aje nao ufukweni Jumamosi. Abebe kila kitu mwenyewe, auunde, azunguke jabali lililo mbele ya ufukwe, arudi, aufungue, aubebe tena. Akishindwa, kazi ya visiwani atapewa mwenzake mmoja mwenye mabega, na yeye atabaki ofisini kuosha chupa za sampuli.

"Tatizo ni kasia," akasema. "La zamani lilivunjika. Nimeambiwa nitafute la kufunguka vipande, liingie kwenye begi."

"Sasa unakuja kwa mshona maturubai?"

"Nije kwa nani? Nani mwingine nyumbani kwetu anajua kasia?"

Hapo alinipata. Mimi ni wa kwanza kati ya wanne. Baba alipofariki nilikuwa darasa la saba, na mama alipomfuata nilikuwa kidato cha pili. Shule niliiacha wiki ileile. Tulikuwa tunakaa Pasiansi, na baba alikuwa ameacha mtumbwi, basi nikawa navusha ndoo za dagaa za akina mama kutoka upande wa pili wa ghuba, alfajiri kwenda, mchana kurudi. Nilifanya hivyo miaka mingi kabla sijajifunza kushona matanga, na baadaye maturubai. Viganja vyangu bado ni vigumu kwenye shina la vidole. Kwa hiyo, kuhusu kasia sikuwa na wasiwasi hata kidogo, na hapo ndipo nilipokosea.

Kesho yake tulikwenda kwa mzee mmoja anayeuza mitumba ya vifaa vya michezo kwenye uchochoro wa nyuma ya soko. Kwake kuna mahema, raketi, viatu vya mpira, baiskeli zisizo na tairi. Alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake ya viua, anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee. Tunatafuta kasia la kufunguka."

"Marahaba. Yapo. Wazungu hawachoki kutuma vitu vya ajabu." Akaingia ndani, tukasikia mabati yakianguka, akatoka na makasia matatu, yote yenye bapa huku na bapa kule. "Haya ya pande mbili. Mtu mvivu wa kuhamisha mkono ndiye aliyeyabuni."

Moja lilikuwa refu, la alumini, la vipande viwili. La pili lilikuwa refu vilevile, jeusi, la faiba, la vipande vinne. La tatu lilikuwa fupi na jepesi, la vipande viwili, kila kipande kikiwa kama urefu wa mkono wa mtu mzima na zaidi kidogo.

Ufukweni kwetu kasia hupimwa kwa kidevu. Unasimama pekupeku, bapa chini, na ncha ya mpini ikigusa kidevu, hilo ni lako. Baba alinipimia hivyo, na mimi nikawapimia wadogo zangu hivyo. Nikamwambia mdogo wangu avue viatu asimame hapo uchochoroni. Nikafikiri: hili lina bapa la ziada, basi bapa la pili lihesabiwe juu ya kidevu. Lile fupi likakaa palepale nilipotaka. Yale mawili marefu yalimpita kichwani kama nguzo za umeme.

"Hili," nikasema.

Mzee akanywa kahawa yake. "Mwanangu, huko mtakakopiga kasia ni mbio au ni safari?"

"Ni maji, mzee. Mimi nimezaliwa nayo."

"Haya. Mwenye maji yake kasema."

Jioni tulikwenda Pasiansi, tukauunda mtumbwi juu ya mchanga. Ulitupa shida, fito moja ilikuwa inaruka kila tukiisukuma, lakini ulipokaa ulikuwa chombo cha haki, na nilipapasa mishono yake nikakubali kwamba aliyeishona si mtoto. Mdogo wangu akavaa jaketi okozi, akaingia, akasukuma.

Nilisimama maji yakiwa magotini nikamwangalia. Alikwenda, lakini alikwenda kama mbuzi anayevutwa, kichwa huku, kichwa kule. Mara mbili niliona bapa likikwangua uso wa maji bila kuyashika. Aliporudi alikuwa amelowa mapaja kwa maji yaliyokuwa yanatiririka kwenye mpini.

"Vipi?"

"Liko sawa, dada."

"Mbona unayumba?"

"Ni mimi sijazoea. Kasia ni zuri. Jepesi."

Alikuwa ameficha mikono nyuma ya jaketi. Nikamwambia alete. Akasema ana baridi. Nikamwambia alete mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, vyote vinane, vingine vinatoa damu. Mtumbwi ule ni mpana, na mtu hukaa chini kabisa, karibu na maji, kama aliyekaa ndani ya beseni. Kila alipopiga kasia alikuwa anagonga ukingo, kwa sababu kasia lilikuwa fupi. Nilikuwa nimempima amesimama, wakati mtumbwi huu haumjui mtu aliyesimama.

Lililonichoma zaidi ni lile neno "sawa". Nalijua. Nyumbani kwetu alicholeta dada hakirudishwi. Nilipowaletea viatu vikubwa walijaza magazeti wakavaa. Nilipomletea huyuhuyu sketi ya shule ya rangi isiyokuwa yenyewe, aliivaa muhula mzima akisimama mstari wa nyuma, na mimi nilikuja kujua baadaye sana kutoka kwa mwalimu. Sikuwafundisha hivyo kwa mdomo. Walijionea wenyewe nilivyokuwa napata vitu, wakaamua kwamba kulalamika ni kunipiga. Na sasa mtu mzima mwenye digrii alikuwa tayari kwenda mbele ya bosi wake Jumamosi na vidole vinavyotoka damu, akose kazi aliyoitaka kuliko zote, ili tu asiniambie kwamba nimekosea.

Nikamshika mkono, nikauosha kwa maji ya ziwa.

"Si sawa," nikasema. "Nimekosea kupima. Kesho tunalirudisha."

"Dada, mzee atatucheka."

"Atucheke. Meno ni yake."

Na kweli alitucheka. Alilipokea kasia, akaligeuza, akakagua ncha. "Mmerudi mapema. Nilidhani mngefika angalau kisiwani."

"Mzee, jana ulijua?"

"Nilijua. Lakini mtu aliyezaliwa na maji humwambii kitu, unamsubiri." Kisha akamwona mdogo wangu vidole, akaacha kucheka, akaniletea kigoda.

Sikukitaka kigoda. Nilimwambia mdogo wangu akae chini, sakafuni, miguu ameinyoosha. Nilikuwa nimekuja na futi yangu ya cherehani, na asubuhi nilikuwa nimepima upana wa mtumbwi. Nikachukua kreti mbili za soda za mzee, nikaziweka kila upande wake, katikati nikaacha nafasi ya upana uleule. Wapita njia wakaanza kusimama.

"Mnapima kasia," mzee akauliza, "au mnampimia bibi harusi kiti cha gari?"

"Bibi harusi wa ziwa," mmoja akadakia. "Mahari yake sato!"

Mdogo wangu akacheka mpaka akaegemea kreti. Nikampa la alumini. Akiwa amekaa vile, likapita juu ya kreti bila kugusa, na bapa likafika sakafuni kila upande kwa mteremko mzuri. Nikampa jeusi. Nalo likafika. Urefu ulikuwa mmoja. Sasa ilibaki kuchagua.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye alumini. Lina kiungo kimoja tu, katikati. Mtu aliyekulia kwenye mtumbwi wa mbao haamini kiungo. Kila palipounganishwa ni mahali panapotaka kuachana. Lile jeusi lilikuwa na viungo vitatu, kila kimoja na kitufe cha chuma kinachochomoza kwenye tundu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga. Nikakaa kwenye kigoda cha mzee.

"Chagua wewe," nikamwambia.

Alinitazama kama niliyemwambia aendeshe ndege. "Mimi?"

"Vidole si vyangu."

Alijivuta karibu na makasia. Kisha akaanza kazi, na nikaona namna anavyofanya kazi huko kwao, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliunganisha jeusi, akalishika kwenye mabapa, akalikunja huku na huku akisikiliza. Alilifungua, akaingiza kidole ndani ya kila bomba, akanusa, akapangusa. Akaligeuza bapa moja, akatafuta ufa kwenye mwanga. Alifanya vivyo hivyo kwa alumini. Kisha akachukua kipande cha alumini akakisimamisha kando ya begi. Kilichomoza nje karibu nusu.

"Hili ni imara zaidi, najua unalipenda," akasema, akinitazama. "Lakini likichomoza, konda atalifunga juu ya basi pamoja na mabati ya watu. Litafika limepinda. Na alumini ikipinda kwenye kiungo haiingiliani tena, nitabaki kisiwani na vijiti viwili. Hili jeusi kiungo cha katikati hakichezi kabisa. Vya pembeni vinacheza kidogo, lakini mkono haufiki huko. Na ni jepesi, nitapiga siku nzima."

"Na mchanga?" nikamuuliza. "Ukiingia kwenye viungo vitatu?"

"Nitasuuza."

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, huyu umemsomesha wewe?"

"Mimi."

"Basi usimbishie."

Tulichukua jeusi. Nililishonea mfuko wa turubai wenye vyumba vinne ili vipande visikwaruzane, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo.

Jumamosi upepo uliamka mapema. Bosi wake alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole wa maneno, mkali wa macho, aliyekaa kwenye jiwe na mwavuli. Alinisalimia, akaniuliza kama mimi ndiye mama wa msichana.

"Ni dada yake."

"Tumbo moja?"

"Moja. Mimi wa kwanza, yeye wa mwisho."

Mdogo wangu alifika kwa miguu kutoka barabarani, begi mgongoni, hakumwomba mtu amsaidie kulitua. Aliuunda mtumbwi huku vidole vikiwa na plasta. Ile fito inayoruka iliruka, akairudisha kwa goti. Akaunganisha kasia, vitufe vikalia tak, tak, tak, akaingia majini.

Mawimbi yalikuwa madogo lakini ya karibu karibu, yale yanayochosha mikono. Alikwenda sawa. Bapa moja likiingia, lingine linatoka linamwaga maji, na mtumbwi haukuyumba. Akafika kwenye jabali, ndege wakaruka, akapotea nyuma yake.

Nilihesabu mipigo ya kasia kichwani mwangu, kama nilivyokuwa nahesabu zamani nikiwa na ndoo. Nilifika mia na kitu. Bosi naye aliteremsha mwavuli. Halafu ncha ya mtumbwi ikatokea upande wa pili, ndani ya upepo kabisa, na nyuma yake mtu mwembamba akipiga kasia bila haraka, ameinamisha kichwa kidogo kama baba alivyokuwa akifanya, ingawa yeye baba hamkumbuki.

Alipotua alianza kufungua. Kipande cha kwanza kilitoka. Kiungo cha katikati kilikataa. Akavuta, akakizungusha, hakikutoka. Mchanga. Nilishaanza kutembea. Nilikwenda hatua tatu, mikono yangu imeshajikunja tayari kukamata, kisha nikasimama. Nikaiweka mikono nyuma. Yeye hakunitazama. Alirudi majini mpaka kiunoni, akakizamisha kiungo, akakitikisa, akakisuuza, akabonyeza kitufe na kuvuta taratibu. Kikatoka.

Akapanga vyote kwenye begi, akafunga zipu. Hakukuwa na kitu kilichochomoza. Bosi akaja, akalinyanyua begi kwa mkono mmoja kulipima uzito, akalishusha.

"Jumatatu, kivuko cha asubuhi," akasema. "Kasia ni zuri. Nani alilichagua?"

"Mimi," akasema mdogo wangu.

Alisema bila kunitazama kwanza, bila kuniomba ruhusa kwa macho. Nimesifiwa mara nyingi na watu wa mtaani kwa kulea, na nimeshukuru, lakini sijawahi kusikia sifa iliyonikaa kama neno lile.

Akalipandisha begi mgongoni, akaanza kupanda njia ya mawe kuelekea barabarani, maji yakimchuruzika. Alikuwa amesahau ndala zake mchangani. Nikaziokota, nikamfuata nyuma.