Nilimwacha mama mkwe getini kwenye campsite ya mbio za farasi

Wakuu, habari za wikiendi. Naandika huku nimeinamisha uso, na sitatia chumvi.

Naishi Wembley. Jumamosi iliyopita mimi na jamaa zangu wawili wa Harrow tulipiga hema kwenye kiwanja cha mbio za farasi, nje kidogo ya London. Campsite iko katikati, farasi wanaizunguka. Kuingia au kutoka lazima uvuke njia yao kwa miguu.

Masharti tuliambiwa tulipofika. Bila wristband, ule utepe wa mkononi, huingii. Mbio ya kwanza ikikaribia, kivuko kinafungwa mpaka ya mwisho iishe. Nilisikia vizuri, msije mkanitetea.

Sasa, mama mkwe yuko hapa kututembelea, katokea Singida. Alisita sana kumruhusu binti yake anifuate huku mbali, kwa hiyo nilitaka aondoke na amani moyoni. Nikamwalika aje aone farasi. Akapika pilau tangu alfajiri.

Mchana mke wangu akamshusha getini, akawahi shift hospitali. Akanipigia: "Mama yuko getini, mfuate."

Wristband ya mama ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikajibu, "Niko njiani."

Wabongo mnaijua hiyo njiani. Nilikuwa nimekaa kitako, nyama iko motoni, tunabishana mpira.

Nilipofika kivukoni, kamba ishavutwa. Nikamwambia steward, msimamizi wa kivuko, kuwa mkwe wangu yuko ng'ambo. Akasema pole, hapa anavushwa mgonjwa tu.

Namuona mama kabisa, kakalishwa kwenye kiti pale getini, kilemba cha kitenge, hotpot mbili mapajani. Nikampigia.

"Usijali baba, kaa na wenzako," akasema.

Hapo niliisha. Bora angenifokea.

Mchana kutwa farasi wanapita kati yetu, watu wanashangilia, mimi hata aliyeshinda simjui. Nyama niliwaachia wenzangu. Mvua ikaanza kunyunya, nikaona mlinzi wa geti anamfunika mama kwa mwavuli wake. Mtu baki, wakuu, na mimi natazama tu.

Kamba ilipofunguliwa nilikimbia. Nikamkuta na walinzi wawili, wanakula pilau kwa kutumia vifuniko vya hotpot kama sahani. Wao Kiswahili hawajui, yeye Kiingereza hajui, na wanacheka.

Nikaanza kuomba radhi. Alifuta maji kwenye kiti chake kwa upande wa kitenge, akanisogezea.

"Karibu baba. Tumekubakizia."

Mwenyeji nilikuwa mimi. Nikala macho chini, kama mgeni.

Msiyapuuze masharti ya campsite, ndiyo. Ila mimi sikuangushwa na kamba. Mgeni wako akiwa getini, ukisema uko njiani, uwe umeshasimama.

Mke wangu tangu siku ile ananijibu "sawa" tu. Mama anarudi nyumbani wiki ijayo, na bado sijaweza kumtazama usoni.

Mliowahi kuaibika kwa wakwe, mlianzia wapi kurekebisha? Matusi pia leteni, nayastahili.