Mkono Aliounyoosha Tsisana

Kompyuta ilipotoa jibu, Tsisana Kobeshavidze aliusahau mchadi, mkate wa mahindi, jikoni ukaungua.

Mumewe, Anzori, aliingia akipepea moshi kwa gazeti. "Mama Levani, unatuchomea nyumba kwa ajili ya sataranji?"

"Nyamaza kwanza. Njoo uone."

"Nione nini? Jana ulishindwa, tukakupa pole, tukala maharage, yakaisha."

Hayakuwa yameisha. Tsisana, mfamasia wa miaka hamsini na minane, anacheza sataranji tangu akiwa msichana wa shule hapa mjini Kutaisi. Lakini siku hizi alikuwa akipoteza michezo ambayo zamani angeishinda huku anafuma. Alikuwa ameapa kwamba akishindwa jana na Nateli, rafiki yake wa utotoni, anaacha mashindano. Akashindwa. Nateli alitoa ngome yake bure, akamsogeza malkia karibu na mfalme wa Tsisana, kisha akakaa wima, mikono kifuani, uso mtulivu kama wa mtu aliyeshinda. Tsisana alitazama, hakuona pa kutokea, akanyoosha mkono kukubali kushindwa.

Leo aliingiza hatua zote kwenye programu ya kuchambua michezo, apate kujua kichwa chake kilianza kuchoka wapi. Hatua baada ya hatua, programu haikumlaumu. Hata pale mwisho haikumhesabu kuwa ameshindwa. Ilimwonyesha farasi wake akirudi nyuma, kwenye mraba uleule alikotoka, kumkinga mfalme. Basi. Shambulio la Nateli linaishia hapo, na ngome ameshaitoa. Tsisana alikuwa anashinda. Kosa lake pekee lilikuwa ule mkono.

Ndipo alipokumbuka jambo jingine la jana. Mchezo ukiisha, wapinzani huketi wakauchambua pamoja. Ndiyo desturi ya klabu. Jana Nateli alizirudisha kete harakaharaka hadi mwanzoni, na ile sehemu ya mwisho hawakuigusa kabisa.

Akapiga simu.

"Nateli, ulimwona yule farasi?"

"Nilimwona mara tu nilipomwachia malkia. Roho ilitaka kunitoka."

"Na ukakaa pale kama sanamu!"

"Ulitaka nikuchezee na zamu yako, shoga? Nilikuwa nangoja unimalize, wewe ukanipa mkono!"

"Na kwenye uchambuzi je? Ulinificha."

"Hapo nilikosea. Ulishaniambia unaacha. Nikawaza, nikimwonyesha sasa hivi ataniona mwizi."

"Mwizi kweli wewe!"

"Haya, mwizi. Bado unaacha?"

Tsisana aliitazama skrini. Muda wote huu alikuwa akiulaumu ubongo wake, kumbe alichokiamini jana ni uso wa Nateli, si ubao. Je, ni mara ngapi nyingine alikubali kushindwa namna ile?

"Kesho njoo na divai," alisema. "Tutazipanga kete palepale tulipoachia. Zamu ni yangu, na wewe ngome huna."

"Lakini nitapigwa!"

"Utapigwa."

Akakata simu. Anzori alimwekea mbele kipande cha mchadi, ule upande usioungua. Tsisana hakukiona, alikuwa ameshafungua mchezo aliopoteza mwaka jana, na anaingiza hatua ya kwanza.