Nilianika Vipimo vya Sukari Kwenye Kichanja cha Jibini

Kosa ni langu. Nilijaribu kuitupia lawama mvua ya Masisi, nikashindwa.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya, mwendo wa pikipiki kutoka Kitshanga. Tulipewa mashine ya kupima sukari na bandeleti zake, vile vijiti vyembamba vya kudondoshea damu. Niliacha kopo wazi, zikashika unyevu. Mimi nani? Mtoto wa wafugaji! Nikazianika siku mbili kwenye kichanja juu ya moto, tunapokaushia jibini. Zilikauka vizuri sana.

Kati ya niliowapima alikuwa mama mkwe wangu, mgonjwa wa sukari wa siku nyingi.

"Bokilo," akaniita, yaani mkwe, "niko na kiu sana. Na huu muguu unaungua."

"Mashini inasema sukari iko muzuri, Mama. Wacha kwanza ile dawa."

Akaacha. Angebishanaje na mkwe aliyesoma?

Baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, akaja fundi wa maabara kutoka Goma. Akanusa kopo.

"Iko inanuka moshi. Uliipika?"

Akanieleza kwamba kwenye ncha ya kila bandeleti kuna utando wa kimeng'enya, mwembamba kuliko ule wa maziwa yaliyochemshwa. Huko kwenye maabara kubwa kuna hata wanaoutandaza kwa mwanga wa leza, polepole, usije ukaungua. Wao na leza yao hawauunguzi. Mimi nikauunguza kwa kuni! Kimeng'enya kikishakufa, mashine husoma sukari ndogo hata kama damu imejaa sukari.

"Ita wote wenye ulipima. Leo leo," akasema.

Niliwaita wote isipokuwa mama mkwe. Niliona haya, jamani! Kwetu mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe kukiri upumbavu wake. Nikapanga kumweleza Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimevaa koti.

Ijumaa walimbeba kwa machela hadi barabarani, mguu umeshaoza. Kufika Goma, wakamkata mguu.

Hadi leo hajui. Anawaambia majirani kwamba bila mashine yangu angekufa. Nikimsikia natoka nje, nasingizia kazi. Naumia sana.

Ninyi mnaopima watu, mkikosea semeni siku hiyo hiyo, hata kwa yule mnayemwonea haya. Simu ilikuwa mfukoni mwangu wiki ile nzima, na ilikuwa na chaji.